Priampu mbili, maiki moja: unganisha kwanza, hukumu baadaye

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nina studio ndogo chumbani kwangu hapa Tanga, narekodi kaswida na nyimbo za vijana wa mtaani. Nina maiki moja ya kondensa na saundi kadi (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) yenye matundu mawili. Nimechukua priampu ya nje (kile kikuza sauti ya maiki) kwa mtu ninayemfahamu, na tumekubaliana nikiona haifai nimrudishie kabla ya mwisho wa mwezi. Naitoa kwa waya wa XLR, wenye plagi ya pini tatu, na kuichomeka tundu la pili la saundi kadi. Kila nikiilinganisha na priampu iliyomo ndani, ya nje naiona nene na iko mbele zaidi, lakini mwenzangu anasema huo ni ukubwa wa sauti tu. Nilitengeneza waya wa Y ili maiki iingie kote kuwili kwa pamoja. Sauti ikapungua na mvumo ukaanza. Niunganishe vipi nijue ukweli? Na je, nahitaji pachibei, ule ubao wa matundu wa kuunganishia vyombo?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako anaweza kuwa na haki, lakini kwa namna vyombo vyako vilivyounganishwa sasa, nyote wawili mnabahatisha. Unadhani unalinganisha priampu ya ndani na ya nje, kumbe upande mmoja una priampu moja na upande wa pili una priampu mbili zilizofuatana, ukubwa wa sauti haulingani, na juu yake kuna mvumo. Sikio la mtu aliyezeekea studio nalo lingeshindwa kutoa jibu la kuaminika hapo. Kwa hiyo tutengeneze kwanza njia ambayo sauti inapita.

Anza na ule waya wa XLR unaotoka kwenye priampu ya nje. Tundu la saundi kadi yako, kama ilivyo kwa nyingi za aina hiyo, ni la mseto: linapokea XLR, na katikati yake linapokea jeki nene ya TRS, yenye ncha, pete na shina. Kwa macho ni tundu moja, ila ndani mna njia mbili. Ukichomeka XLR, sauti inakwenda kwenye priampu ya maiki iliyomo humo. Ukichomeka TRS, inakwenda njia ya laini, yaani ya sauti iliyokwisha kukuzwa. Sasa priampu yako ya nje imekwisha kuiinua sauti ya maiki kutoka milivolti chache hadi kiwango cha laini, ambacho kwa vyombo vya kitaalamu ni +4 dBu, yaani volti 1.23 hivi. Ukiirudisha kwenye XLR unaipitisha ndani ya priampu ile ile unayotaka kuilinganisha nayo, tena unailisha kiwango ambacho haikutengenezewa. Ule unene unaousifu unaweza kabisa kuwa ni saundi kadi inayolemewa.

Tafuta waya wenye XLR jike upande mmoja na TRS dume upande wa pili. Ukiuchomea risasi mwenyewe, pini 1 iende kwenye shina la jeki, pini 2 kwenye ncha, pini 3 kwenye pete. Usitumie jeki ya gitaa yenye ncha na shina tu, maana utapoteza kinga dhidi ya kelele, kinga inayopatikana kwa sababu sauti inasafiri kwenye nyaya mbili zinazopingana. Hakikisha kitufe cha gitaa kwenye tundu hilo kimezimwa. Kwenye saundi kadi nyingi za bei nafuu njia ya laini bado inapitia nobu ile ile ya geini (ya kukuza sauti), basi ishushe hadi mwisho, uitie alama kwa kalamu, na usiiguse tena mpaka jaribio liishe. Kama priampu yako ina swichi ya +4 na -10 nyuma yake, iache kwenye +4. Viwango hivyo viwili vinapishana kwa karibu desibeli 12, na nimeona watu wakisifia chombo kwa sababu ya swichi hiyo peke yake.

Waya wa Y uuweke kando. Nitakueleza ulichokifanya, kwa sababu ukikielewa utaacha kuuhofia bure na pia utaacha kuuamini bure. Chukua maiki yenye ukinzani wa ndani wa omu 200, na priampu ambayo mlango wake una omu 1,500. Hapo asilimia 88 ya nguvu ya maiki inafika. Ukiongeza priampu ya pili ya omu 1,500 sambamba na ya kwanza, maiki inaona omu 750 tu, na kinachofika ni asilimia 79. Huo ni upungufu wa karibu desibeli moja. Peke yake si msiba, kwani priampu zote mbili zinapungukiwa sawasawa. Taabu iko kwenye maiki za dainamiki, ambazo ukinzani wake hubadilika kutoka besi kwenda juu, hivyo mzigo ukizidi hata rangi ya sauti hubadilika kidogo. Kwa kondensa kama yako taabu ni ule umeme wa fantomu wa volti 48, ambao priampu huutuma kwenye waya kuilisha maiki. Ukiuwasha pande zote mbili, vyombo viwili vinalisha maiki moja bila kupatana. Ukiuwasha upande mmoja, priampu ya upande wa pili inaweza kunyonya sehemu ya umeme huo na maiki ikabaki na njaa. Na kamwe usitumie Y kinyume, yaani kuunganisha sauti mbili zinazotoka ziingie tundu moja. Kila chombo kitajaribu kumsukuma mwenzake, sauti itavurugika, na unaweza kuunguza kitu. Kuchanganya sauti ni kazi ya mikisa.

Mvumo umetoka kwenye mzunguko wa athi, yaani waya wa kwenda ardhini. Priampu ya nje ina njia yake ya kwenda ardhini kupitia soketi yake, kompyuta na saundi kadi zina ya kwao, na pini 1 za waya wako wa Y zikazifunga njia hizo kuwa duara. Umeme wetu ni wa Hz 50, basi unachokisikia ni Hz 50 na nduguze wa Hz 100 na 150. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja yenye athi ya kweli. Kama ni laptopu, chomoa chaja uitumie kwa betri: mvumo ukitoweka, umekwisha kujua mlango ulioingilia. Waya wa TRS nilioutaja juu utasaidia vilevile.

Wapo watakaokushauri ukate waya wa athi ndani ya plagi, na kweli mvumo utaisha. Tafadhali usifanye hivyo, na ukikuta plagi iliyofanyiwa hivyo studio kwako irekebishe leo. Mwili wa chuma wa maiki umeunganishwa na bodi ya priampu kupitia waya. Siku chombo kikipata hitilafu na athi haipo, umeme wa volti 230 unaishia mdomoni mwa mwimbaji, na wewe unarekodi watoto wa madrasa.

Njia kamili ya kugawa maiki moja kwenda priampu mbili ni splita yenye transfoma. Ina mdomo mmoja wa moja kwa moja, unaopitisha fantomu, na mdomo wa pili uliotengwa na transfoma, wenye swichi ya kukata athi ya sauti bila kugusa athi ya umeme wa nyumba. Ni chombo kizuri, lakini sikushauri ukitafute kwa ajili ya jaribio hili, kwa sababu upande mmoja ungepitia transfoma na mwingine usingepitia, nawe ungeanza kujiuliza unasikia priampu au transfoma. Kwako ipo njia rahisi zaidi, na ni bora kuliko splita.

Badala ya kugawa maiki, rudia chanzo. Mrekodi mwimbaji wako ubeti mmoja, kavu, bila riverbu (mwangwi) wala kompresa (kibana sauti). Chagua ubeti wenye "s" na "sh" za kutosha, wenye "p" na "b" zinazopiga pumzi, na wenye irabu iliyovutwa kwa muda. Kaswida inafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa pumzi husikika na irabu huachwa zielee. Kisha weka spika moja ndogo kwenye meza, isimamishe maiki mbele yake kama sentimita 20, funga stendi imara, na kuanzia hapo spika na maiki visisogee hata kidogo. Cheza ubeti huo kupitia spika na urekodi kwa priampu ya ndani. Zima fantomu, subiri nusu dakika umeme uishe kwenye maiki, hamisha waya wa maiki kutoka saundi kadi uende priampu ya nje, washa fantomu, cheza ubeti ule ule na urekodi tena. Spika ina rangi yake, ndiyo, lakini ni rangi moja kwenye rekodi zote mbili. Mwimbaji wa kweli hawezi kuimba ubeti mara mbili kwa ukubwa ule ule, kwa umbali ule ule, akigeuza shingo vile vile. Akisogea kutoka sentimita 15 hadi 16 tu sauti inashuka zaidi ya nusu desibeli, na hiyo ni tofauti kubwa kuliko tunayoitafuta.

Kwenye programu, traki inayocheza ubeti ielekezwe kwenye mdomo wa saundi kadi unaolisha spika hiyo pekee. Traki inayorekodi zima kabisa usikilizaji wake wa papo kwa papo. Usipouzima, kinachoingia kwenye maiki kitatoka tena kwenye spika, kitaingia tena kwenye maiki, na chumba kitapiga yowe. Punguza spika kabla ya kubonyeza kitufe chochote, upandishe polepole. Zima pangaboi, na usimame mahali pamoja mara zote mbili, au utoke nje kabisa.

Sasa ukubwa wa sauti, na hapa ndipo mwenzako aliponena. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs, Marekani, walichapisha michoro inayoonyesha jinsi sikio linavyopokea sauti za juu na za chini kwa ukubwa mbalimbali. Sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kwanza. Ikipanda, besi hurudi. Kwa hiyo chombo kinachotoa sauti kubwa kidogo tu hakisikiki kama "kikubwa". Kinasikika kama kinene, kilicho karibu, chenye uhai. Maneno yako mwenyewe, "nene na iko mbele", ndiyo hasa maneno ambayo watu huyatumia wakisikia nyongeza ya desibeli moja bila kujua kuwa ni nyongeza. Sisemi hivyo kukushusha. Masikio yote yako hivyo, ya fundi na ya msikilizaji wa redio.

Kwa hiyo, mwanzoni mwa traki ile ya ubeti, kabla sauti haijaanza, weka "tiki" moja fupi na kisha toni ya Hz 1,000 ya sekunde kumi. Programu karibu zote za kurekodi zinaweza kuizalisha. Unaporekodi priampu ya kwanza, soma mita wakati wa toni. Unapohamia ya pili, zungusha geini yake mpaka mita iseme karibu vile vile. Kwa mkono utafika nusu desibeli, na inatosha kwa hatua hiyo. Baadaye, ndani ya programu, malizia kwa fada au kifaa cha geini hadi toni hizo mbili zitofautiane kwa desibeli 0.1 au chini ya hapo. Wengi huachia kwenye nusu desibeli wakidhani wamemaliza. Nusu desibeli inatosha kuharibu hukumu yote. Usipandishe geini kwa pupa pia: kwa biti 24, wastani wa sauti ukiwa karibu na -18 dBFS (desibeli 18 chini ya kikomo cha mita) na vilele vikigusa -10 uko salama. Rekodi ya biti 24 ina nafasi ya kutosha chini yake, huna sababu ya kusukuma hadi mita iwe nyekundu.

Toni inafaa hapa kwa sababu maiki ni ile ile. Siku utakapolinganisha maiki mbili tofauti usiitumie, kwani kila maiki ina mwinuko wake kwenye Hz 1,000 na chumba nacho kina mawimbi yanayosimama, mahali pengine sauti imejaa na sentimita chache pembeni imepungua. Siku hiyo pima ubeti wenyewe kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, ule wastani wote tangu mwanzo hadi mwisho, na ulinganishe kwa huo.

Ukishalinganisha, weka rekodi mbili kwenye traki mbili, zote katikati, bila kifaa chochote, hata kwenye traki kuu. Kuza picha ya wimbi hadi uone "tiki" za mwanzo zinaanza sampuli moja na ile ile (sampuli ni kipimo kimoja kimoja cha sauti ndani ya kompyuta). Kisha geuza polariti ya traki moja (wimbi lake lipinduke, juu iwe chini) na uzicheze pamoja. Kilicho sawa kwenye zote mbili kitafutana, kitakachobaki ndicho tofauti yenyewe, imesimama peke yake. Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote, kwa sababu kwa mara ya kwanza unasikia kile ambacho watu hubishania mitandaoni miaka nenda miaka rudi. Mara nyingi ni mnong'ono: "s" chache zinazopita kama upepo, mvumo mdogo wa besi, na mchakacho wa chombo.

Lazima ujue kusoma mabaki hayo, la sivyo yatakupoteza. Rekodi mbili zinazofanana kabisa, zikipishana ukubwa kwa desibeli 0.1 tu, zitaacha mabaki yaliyo desibeli 39 hivi chini ya sauti yenyewe. Zikipishana desibeli moja, mabaki yatakuwa desibeli 19 tu chini, yaani utasikia maneno yote waziwazi na utadhani priampu ni tofauti kama mbingu na nchi. Muda nao una ukali wake. Kwenye kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, traki moja ikichelewa kwa sampuli moja, besi zitafutana vizuri, lakini kwenye Hz 8,000 hakuna kitakachofutana. Ukisikia mabaki ni "s" na "sh" tupu, kali, rudi kwenye "tiki" kwanza kabla hujazilaumu priampu. Na kama ulipozicheza pamoja kabla ya kugeuza polariti sauti ilitoweka, basi waya wako mmoja umechomewa pini 2 na 3 kinyume, au priampu moja inageuza. Hilo lirekebishe mapema. Mwimbaji anayesikiliza kwa hedifoni huku sauti yake ikimfikia pia kupitia mifupa ya kichwa atalihisi kama sauti iliyobonyea, atakulalamikia na wala hataweza kukwambia ni nini.

Mabaki yanakwambia tofauti ni kubwa kiasi gani. Hayakwambii ipi ni nzuri, wala kama sikio linaisikia ubeti ukiwa umevaa ngoma na kinanda. Kwa hilo mwite mwenzako yule yule. Abadilishe majina ya faili mbili bila wewe kuona, akuchezee sekunde kumi za A, sekunde kumi za B, kisha X ambayo ni mojawapo, nawe useme X ni ipi. Mtindo huu wa ABX nao umetoka Bell Labs, ukachapishwa mwaka 1950 na Munson yule yule pamoja na Mark Gardner. Kubadilisha kuwe kwa haraka, kwani sikio husahau rangi ya sauti upesi sana. Arushe sarafu kila mara kuchagua X, asichague kwa hisia zake, na asikutazame usoni. Fanyeni mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, nafasi ya kuwa umebahatisha ni chini ya 4 kati ya 100. Ukipatia 9, hujathibitisha kitu. Pumzikeni katikati, sikio lililochoka linabahatisha. Rudieni na sauti ikiwa ndani ya wimbo, kwa sababu hapo ndipo wasikilizaji wako watakapoisikia.

Jambo moja la kuepuka: usilinganishe wakati mtu anaimba. Saundi kadi nyingi zina usikilizaji wa moja kwa moja, unaompelekea mwimbaji sauti kabla haijaingia kompyuta. Ukiuacha wazi na wakati huo huo programu nayo inarudisha sauti ile ile, mwimbaji anasikia mbili, ya pili imechelewa. Bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta hukusanya kabla ya kulishughulikia) ya sampuli 128 kwenye 48,000 ni milisekunde 2.7 kwa kwenda tu, bado kurudi na bado ubadilishaji wenyewe. Kuchelewa kukifika milisekunde 5, sauti mbili zinafutana kwenye Hz 100, 300, 500 na kuendelea hivyo hadi juu, na kinachosikika ni mtu anayeimba ndani ya bomba. Tundu la kwanza likiwa kwenye usikilizaji wa moja kwa moja na la pili likipitia programu, utasema priampu zinatofautiana kama usiku na mchana. Chagua usikilizaji mmoja, zima mwingine.

Pachibei hukuhitaji kwa matundu mawili. Itakufaa siku utakapokuwa na kompresa ya nje, priampu nne na saundi kadi ya matundu manane, ukachoka kuinama nyuma ya meza. Siku hiyo tafuta inayoweza kuwekwa nusu-kawaida: safu ya juu na ya chini zimeunganishwa zenyewe, ukichomeka juu unachota nakala ya sauti bila kukata njia, ukichomeka chini njia ya kawaida inakatika na sauti yako mpya inaingia. Ina manufaa makubwa kwa kulinganisha vyombo, ila nakala hiyo ni kama ile Y ya kugawa, basi itumie kwa sauti za laini tu. Na fantomu isipite kamwe kwenye pachibei ya TRS. Jeki inapoingia, ncha na pete hugusana na vyuma visivyo vyake kwa kitambo, na volti 48 zinaweza kwenda zisikotakiwa.

Sasa maoni yangu juu ya priampu yenyewe, kwa kuwa fedha ni yako na mwezi unakwisha. Maiki ya kondensa hutoa sauti ya kutosha, hivyo kwa mwimbaji aliye sentimita 20 utahitaji desibeli 30 hadi 40 za geini, na hapo karibu priampu zote za siku hizi ni safi. Tazama kwenye karatasi ya saundi kadi yako namba inayoitwa EIN, ile ya kelele. Chanzo cha omu 150 kina kelele yake ya asili, inayoletwa na joto tu, karibu -131 dBu, na hakuna priampu ya bei yoyote inayoweza kuiondoa. Kama karatasi yako inasema -128, kilichobaki cha kununua ni desibeli tatu, na pangaboi la chumba cha pili linazimeza. Priampu ya nje ina kazi yake pale unapotumia dainamiki yenye sauti ndogo kwa mtu anayeimba taratibu, ukahitaji desibeli 60 na saundi kadi ikakwama. Ina kazi pia kama ina transfoma au taa (vali za kioo za kukuza sauti) na wewe unataka rangi yake. Hiyo ni sababu halali kabisa. Ijaribu kwa kupandisha geini ya kuingilia na kushusha ya kutokea, kisha linganisha upya kwa toni ile ile ya Hz 1,000, kwa sababu rangi hiyo haitokei ukiitumia kwa upole.

Fanya majaribio mawili, moja kwa geini ya kawaida na moja kwa geini iliyosukumwa. Ukipatia 12 kati ya 16 kwenye lolote kati yake, na ubeti ulioutambua ndio unaoupenda, baki nayo na uandike alama za nobu zote kwenye karatasi ubandike ukutani. Usipofika hapo, mrudishie mwenyewe. Fedha hiyo nunulia magodoro ya pamba mawili yasimame nyuma na ubavuni mwa mwimbaji, stendi isiyotikisika, na waya mmoja mzuri wa XLR. Kisha rudia ubeti ule ule mwimbaji akiwa mbele ya maiki, mara moja kwa sentimita 10 na mara moja kwa sentimita 20. Ukubwa utashuka kwa karibu desibeli 6 na besi ya ukaribu itapungua. Linganisha viwango hivyo viwili kama ulivyofanya kwa priampu, usikilize tofauti ambayo hutahitaji kurusha sarafu ili kuitambua.